Chumvi ya Bwana Dahl

Roald Dahl alikuja Tanganyika kuuza mafuta. Petroli, mafuta ya taa, na ile oili nzito ya kulainishia mitambo ya mkonge, vyote vya kampuni ya Shell. Ilikuwa mwaka 1938, ana miaka 22, kimo futi sita na inchi sita, na kitabu hakuwa ameandika hata kimoja. Awali kampuni ilitaka kumpeleka Misri, akakataa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwambia mkubwa wake kwamba Misri ina vumbi mno. Akapewa Afrika Mashariki badala yake, akashangilia. Mtu aliyekimbia vumbi la Misri akaenda kutembeza oili kwa gari kwenye barabara za Tanganyika za wakati ule. Jamani.

Mimi nilianza kumjua kwa Matilda, kitabu chake cha watoto, kama watu wengi wa rika langu waliobahatika kuwa na maktaba shuleni. Kitabu cha kumbukumbu zake za huku, Going Solo, nilikikuta ukubwani, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara pale Posta. Nilikifungua katikati, jicho likaangukia jina Salimu, nikauliza bei. Tangu hapo nimesoma karibu vyote alivyowaandikia watoto, na kila nikisoma naona jambo lile lile: mtu huyu anatia chumvi. Hilo si tusi. Hadithi isiyokolea nani ataisikiliza? Ila inafaa kuangalia chumvi yenyewe inamwagwa wapi, inamwangukia nani, na kama kuna siku aliiacha kwenye kopo.

Alizaliwa Llandaff, Cardiff, nchini Wales, tarehe 13 Septemba 1916. Wazazi wake walikuwa Wanorwei, na baba, Harald, alikuwa ametajirika kwa biashara ya kuhudumia meli bandarini. Mwaka 1920 dada yake Roald, Astri, alifariki kwa kidole tumbo akiwa na miaka saba. Wiki chache baadaye baba naye akafa kwa nimonia, na Dahl aliamini maisha yake yote kwamba ile ilikuwa huzuni, kwamba mzee hakutaka kupona. Mjane, Sofie Magdalene, angeweza kurudi kwao Norwei. Lakini marehemu alikuwa ameshikilia kwamba watoto wasome shule za Kiingereza, maana ndizo bora duniani. Akabaki kutimiza neno la mumewe.

Shule bora duniani zikamchapa mtoto. Mwaka 1924, pale pale Llandaff, yeye na wenzake wanne walitia panya aliyekufa kwenye mtungi wa pipi wa mama mmoja mwenye duka, mama mchafu mwenye mdomo mkali. Mwalimu mkuu akawatandika bakora mmoja mmoja, mwenye duka ameketishwa kwenye kiti anaangalia na kuhimiza kiboko kiongezwe. Usiku ule mama yake alipoona alama kwenye makalio ya mwanawe alivaa akaenda shuleni kumkabili mwalimu, na baadaye akamhamisha. Akiwa na miaka tisa alipelekwa bweni huko Weston-super-Mare, na huko ndiko alikoanza kumwandikia mama yake barua kila Jumapili. Aliendelea kumwandikia kwa zaidi ya miaka 30. Mama alizitunza zote, zaidi ya 600, kafunga mafungu mafungu kwa utepe wa kijani, wala hakumwambia.

Kisha Repton, mwaka 1929. Hapo viranja walikuwa na haki ya kuwatumikisha wadogo, na mojawapo ya kazi za Dahl wakati wa baridi ilikuwa kwenda kukalia choo cha nje mpaka kiti kipate joto, ndipo mkubwa aje akikalie. Anasema alimaliza vitabu vyote vya Charles Dickens akiwa pale. Sisi tuliosoma bweni tulifua soksi za viranja na kuwachotea maji, lakini hili la kupasha choo moto, hapana, wametushinda.

Sasa angalia chumvi inavyofanya kazi. Katika Boy, kitabu cha utoto wake kilichotoka 1984, anaeleza mwalimu mkuu wa Repton alivyomchapa rafiki yake kikatili, akisita kati ya fimbo na fimbo ili ajaze kiko chake na kumhubiria kijana kuhusu dhambi. Halafu anaongeza kwamba mwalimu huyo ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kumvika taji Malkia Elizabeth. Yaani Geoffrey Fisher. Ukisoma unasisimka, na Dahl anasema mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyomtia mashaka na dini. Tatizo ni tarehe. Kipigo kile kilitokea 1933, na Fisher alikuwa ameondoka Repton 1932. Aliyeshika fimbo ni mrithi wake, J. T. Christie. Kitabu kilipotoka, Fisher alikuwa kaburini miaka 12.

Mrithi wa Fisher hakuja kumvika mtu taji, na bila taji kisa kinapungua utamu. Nadhani ndivyo ilivyokwenda kichwani mwake, labda bila hata yeye kujua. Donald Sturrock, aliyeandika wasifu wake kwa idhini ya familia mwaka 2010, anaonya tena na tena kwamba Dahl si shahidi wa kumtegemea kwa habari za maisha ya Dahl.

Hata safari ya kuja huku imekolezwa. Kwenye meli ya SS Mantola anatuonyesha mzee mmoja meneja wa kiwanda cha pamba India aliyemiliki mawigi manne ya urefu tofauti, akiyavaa kwa zamu ili watu waone nywele zinakua na siku ya kwenda kinyozi imefika. Mabegani alijinyunyizia chumvi ya Epsom ionekane kama mba, maana nani atashuku kwamba mtu mwenye mba hana nywele? Siapi kwamba mzee huyo alikuwepo. Lakini nikimsoma namwona kabisa, naye ni ndugu wa damu wa wale wakubwa wote wa ovyo waliokuja kujaa kwenye hadithi zake za watoto: watu wenye vyeo, wachafu chini ya suti, wanaodhani watoto ni vipofu.

Alishuka Mombasa, akapanda meli ndogo ya pwani, Dumra, hadi Dar es Salaam. Shell ilikuwa na nyumba kubwa nje kidogo ya mji, inayotazama bahari, na humo waliishi vijana wa Kizungu wachache pamoja na wapishi, watunza bustani na maboi. Barua zake kwa mama zimejaa mambo ya klabu, gofu, pombe za jioni na joto. Katika barua moja ya mwaka 1939 anaeleza burudani yake ya baada ya kazi, kulala chali sebuleni na kuwatazama Hitler na Mussolini darini wakikamata nzi na mbu. Hao walikuwa mijusi wawili wa nyumba ile. Hapo tayari ni Dahl kamili, kabla hajaandika kwa ajili ya watoto.

Kwenye Going Solo, kilichotoka 1986, mijusi wamekuwa koboko. Anamwona koboko akimjia kwa nyuma Salimu, mtunza bustani, anampigia kelele kwa Kiswahili chake cha kisetla, Salimu anageuka na reki yake mkononi na kumwua. Kuna nyoka mwingine wa kijani aliyeingia sebuleni kwa Mzungu mmoja na mzee wa kukamata nyoka aliyekuja kumtoa. Kuna simba karibu na Tabora aliyembeba mke wa mpishi kwa meno, watu wakamkimbiza, akamweka chini bila hata mchubuko. Dahl anasema kisa hicho cha simba alikiandikia gazeti la East African Standard la Nairobi, akalipwa pauni tano, na kwamba ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa. Kama ni hivyo, basi uandishi wake ulifunguliwa na gazeti la kwetu. Niko tayari kuamini. Simba mwenyewe, sijui.

Halafu kuna Mdisho.

Mdisho ndiye boi wake, kijana wa miaka kama 19, mrefu, na kwa maelezo ya kitabu ni Mnyamwezi, ingawa Dahl kaliandika kabila lenyewe kwa tahajia yake. Anadai watu wa Mdisho ndio pekee waliowahi kuwashinda Wamasai vitani. Mnyamwezi yeyote atakayesoma hapo atatabasamu. Mirambo alikuwa mpiganaji, hilo halina ubishi, lakini watu wake walijulikana zaidi kwa misafara, upagazi na biashara. Mwandishi alimtaka shujaa wa vita, akamtengenezea ukoo unaofaa.

Septemba 1939 vita ikatangazwa. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani kabla Mwingereza hajakabidhiwa baada ya Vita ya Kwanza, na Wajerumani wengi walikuwa bado huku kwenye mashamba yao. Dahl akapewa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Mwingereza, wale ambao babu zetu waliwaita keya, akatumwa kuziba barabara ya kusini ili Wajerumani wasikimbilie Msumbiji kwa Wareno. Kwa mujibu wa kitabu, msafara wao ulipofika, kiongozi wao alimwelekezea Dahl bastola kifuani, na askari mmoja akamwahi kwa risasi. Usiku ule ule Mdisho, aliyesikia kwamba sasa Mjerumani ni adui, anachomoa upanga wa Kiarabu uliokuwa ukining'inia ukutani, anakimbia hadi shamba la mkonge la Mjerumani mmoja aliyesifika kwa kuwatesa vibarua, anamwua, anarudi akiwa amejaa fahari. Dahl anashtuka na kumwambia asithubutu kumwambia mtu. Mdisho haelewi. Si vita? Si adui?

Nimezirudia kurasa hizo kuliko nyingine zozote za Dahl. Ni nzuri mno. Hoja ya Mdisho haijibiki, na Dahl, sifa hii nampa, hajifanyi kuijibu. Lakini kisa kile kilikuwa kimeshatoka mwaka 1943 kwenye jarida la Marekani, Atlantic Monthly, kwa jina la The Sword, na kilitoka kama hadithi. Miaka zaidi ya 40 baadaye kikarudi kama kumbukumbu ya kweli. Mdisho anaambiwa afunge mdomo, na aliyemwambia ndiye anayekuja kuutangazia ulimwengu kwamba kijana fulani wa Kinyamwezi aliua mtu. Kama Fisher, Mdisho naye hakuwa na pa kujibia. Tofauti yao ni kwamba Fisher ana wanahistoria wa kumsafishia jina.

Novemba mwaka huo Dahl aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Walikuwa vijana 16 kwenye kundi lake, na anaandika kwamba ndani ya miaka miwili 13 kati yao walikuwa wamekufa. Kwa urefu wake kichwa kilichomoza juu ya kioo cha ndege, akawa anafunga kitambaa usoni apate kupumua. Tarehe 19 Septemba 1940, akielekea kujiunga na kikosi chake katika jangwa la magharibi mwa Misri (vumbi lile lile alilolikimbia), alielekezwa mahali pasipo sahihi, giza likaingia, mafuta yakakaribia kwisha, akajaribu kutua jangwani na ndege ikajipiga kwenye mawe. Fuvu lilipasuka, pua ikabonyea, akakaa wiki kadhaa haoni. Mwaka uliofuata alipigana Ugiriki, kisha maumivu ya kichwa yakamtoa angani kabisa. Mwaka 1942 akatumwa ubalozi wa Uingereza Washington. Huko mwandishi C. S. Forester alimwalika chakula cha mchana ili amsimulie kuanguka kwake apate kuliandikia jarida la Saturday Evening Post. Dahl akashindwa kula na kusimulia kwa pamoja, akaahidi kuandika vidokezo. Vidokezo vikachapwa baada ya kuguswa hapa na pale, kwa kichwa cha habari kinachosema alitunguliwa Libya. Hakuna aliyemtungua, wala hakuangukia Libya.

Mara hii chumvi ilimletea kazi ya maisha.

Ukiacha The Gremlins cha 1943, vitabu vya watoto vilichelewa. James and the Giant Peach kilitoka 1961, mwandishi ana miaka kama 45, anajulikana kwa hadithi za watu wazima zenye miisho ya kikatili. Kilichofuata kilikuwa Charlie and the Chocolate Factory, Marekani, mwaka 1964. Mbegu yake ni Repton, ambako Cadbury walikuwa wakituma visanduku vya chokoleti za majaribio wanafunzi waonje na kutoa alama. Watu wanaipenda sana sehemu hiyo ya historia. Inayofuata wanaipenda kidogo.

Katika toleo lile la kwanza, Oompa-Loompa, vibarua wa kiwanda cha Willy Wonka, walikuwa mbilikimo weusi kutoka ndani kabisa ya msitu wa Afrika. Wonka amewaleta Uingereza kwa siri ndani ya masanduku yenye matundu ya kupumulia. Anawalipa kakao. Anawajaribishia pipi zake. Wanaimba, wanacheka, hawatoki nje ya geti. Na aliyeandika haya ni mtu aliyekaa Dar es Salaam, aliyejua kwamba mtunza bustani anaitwa Salimu, aliyesikia Mdisho akijenga hoja ambayo yeye hakuweza kuibomoa. Afrika aliyoiishi aliikoleza, lakini angalau ilikuwa na watu ndani yake. Hii ya kwenye masanduku aliitoa kwenye vitabu vya wavulana wa Kiingereza alivyosoma utotoni, na inaelekea hakuona kwamba Afrika hizo mbili zinapingana.

Chama cha NAACP cha Wamarekani Weusi kilipinga filamu ilipokuwa inaandaliwa, mwandishi Eleanor Cameron akakishambulia kitabu mwaka 1972, na toleo la 1973 likawa na Oompa-Loompa weupe wenye nywele za kahawia ya dhahabu kutoka nchi ya kubuni. Wamebadilishwa ngozi. Masanduku, matundu na malipo ya kakao vikabaki. Mjane wake, Felicity, mke wake wa pili, alisema mwaka 2017 kwamba katika rasimu za mwanzo Charlie mwenyewe alikuwa mtoto mweusi. Ningependa kukisoma kitabu hicho.

Hapo naongeza langu moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Cadbury walikuwa wananunua kakao ya São Tomé, iliyolimwa na watu waliotolewa Angola na kufanyishwa kazi kama watumwa. Waliacha kununua mwaka 1909, na mwaka huo huo ikasikilizwa kesi yao dhidi ya gazeti la The Standard, lililowaita wanafiki. Baraza la wazee wa mahakama likaona gazeti limewakashifu kweli, likawapa fidia ya farthing moja, robo ya peni. Basi ukisoma juu ya vibarua wa Kiafrika waliovushwa bahari ndani ya masanduku kwa ajili ya chokoleti, usidhani yote yalitoka kwenye ndoto ya Bwana Dahl.

Nyumbani kwake, Great Missenden katika kaunti ya Buckinghamshire, misiba ilipangana. Alimwoa mwigizaji wa Marekani Patricia Neal mwaka 1953, wakapata watoto watano. Desemba 1960, mjini New York, teksi iligonga kigari alimokuwemo Theo, mtoto wa miezi minne. Maji yakawa yanajaa kichwani, na mrija wa kuyatoa ukawa unaziba kila mara. Dahl hakukaa kulia. Alimtafuta Stanley Wade, fundi wa pampu ndogondogo za ndege za kuchezea, akamkutanisha na daktari wa upasuaji Kenneth Till, na watatu hao wakaunda vali isiyoziba kirahisi. Ilipokuwa tayari Theo alikuwa amepona, haikumhitaji. Ilitumika kwa watoto wapatao 3,000 duniani. Baadaye, 1965, Patricia alipata kiharusi akiwa mjamzito, na mume akamsimamia kwa ukali ajifunze upya kuongea na kutembea. Wengine walimwita mkatili. Patricia alirudi kuigiza.

Katikati ya misiba hiyo, Novemba 1962, binti yao wa kwanza, Olivia, aliugua surua. Mwaka 1986 Dahl aliandika barua fupi kwa wazazi wa Uingereza kuwahimiza wachanje watoto, na humo ameeleza jinsi ilivyokuwa. Ugonjwa ulikwenda kawaida. Hakuwa na wasiwasi. Asubuhi moja, mtoto akiwa anaelekea kupona, baba aliketi kitandani pake akimfundisha kutengeneza wanyama kwa vijiwaya vya rangi. Ilipofika zamu ya Olivia, akaona vidole vyake havifuati anachotaka. Akamuuliza kama yuko sawa. Akajibu kwamba anasikia usingizi. Baada ya saa moja alikuwa hana fahamu, na baada ya saa 12 amekufa. Surua ilikuwa imeingia kwenye ubongo. Alikuwa na miaka saba, kama Astri.

Kopo la chumvi hapa halikuguswa. Hakuna mtu mbaya wa kumchekesha msomaji, hakuna askofu wala koboko, wala hajifanyi shujaa. Mwaka 1962 chanjo ya surua haikuwepo, anasema, na sasa ipo, na bado karibu watoto 20 wanakufa Uingereza kila mwaka kwa sababu wazazi hawapeleki watoto wao. Kila ninapoona mabishano ya chanjo kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu, natamani barua ile ingekuwa na Kiswahili chake, iwekwe pale kliniki ambako akina mama wanasubiri na kadi mkononi, mtoto wa miezi tisa, mtoto wa miezi kumi na minane. Kama ningeulizwa kazi yake bora ni ipi, ningetaja ukurasa ule mmoja kabla ya Matilda.

The BFG, cha mwaka 1982, kimetabarukiwa kwa Olivia. Zimwi lisilokula watu linamchukua usiku mtoto yatima, linamsikiliza, linawapulizia watoto ndoto njema madirishani. Mtoto aliyelelewa na hadithi za mazimwi wa kwetu anaingia humo bila kubisha hodi, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukatili wake nao haumshtui. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze anatupa mtu mwema anayelazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake. Watu wazima wa Uingereza ndio waliosema Dahl anawatisha watoto. Watoto hawakulalamika.

Aliandikia kwenye kibanda bustanini, kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine alasiri, ameketi kwenye kiti cha mama yake kilichochakaa, ubao magotini, penseli sita za manjano za Kimarekani zimechongwa. Mezani aliweka kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe uliotolewa hospitali, na donge la karatasi za fedha za chokoleti alizokula ujanani. Kwa wachapaji alikuwa msumbufu kupindukia. Mwaka 1981 Robert Gottlieb wa Knopf, New York, alimwandikia kwamba asipobadili tabia hawatamchapa tena, na miongoni mwa vilivyowachosha ni madai yake ya kutumiwa penseli. Lakini alikubali kurekebishwa na mtu aliyemheshimu. Matilda wa rasimu ya kwanza alikuwa mtoto mwovu anayekufa mwishoni, na mhariri Stephen Roxburgh ndiye aliyemsukuma aandike upya mpaka tukapata Matilda huyu tunayemjua.

Kuna jingine lisilopakwa rangi. Mwaka 1983 aliliambia jarida la New Statesman maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, maneno ambayo hayawezi kusingiziwa utani wala hasira ya vita ya Israeli huko Lebanon. Alifariki Oxford, tarehe 23 Novemba 1990, bila kuyafuta. Familia yake iliomba radhi mwaka 2020. Mwaka uliofuata Netflix wakainunua kampuni inayomiliki haki za hadithi zake.

Kisha Februari 2023 ikajulikana kwamba wachapishaji wake, Puffin, wamepitia vitabu vyake na kubadilisha mamia ya maneno. Mnene akawa mkubwa sana, na kadhalika. Kelele zikawa nyingi, Puffin wakaahidi kuendelea kuchapa na matoleo ya zamani pia. Mimi ni wa matoleo ya zamani, yenye ubaya wake wote, ili mtoto akifika mahali pabaya tuongee. Lakini kuna badiliko moja ambalo halinitoki kichwani. Pale Matilda anaposafiri duniani kwa kusoma vitabu alivyopewa na Bi Phelps wa maktaba, zamani alipanda merikebu na Joseph Conrad, akaenda Afrika na Ernest Hemingway, na India na Rudyard Kipling. Conrad wakamtoa. Kipling wakamtoa. Sasa anakwenda kwenye majumba ya mabwanyenye na Jane Austen, na California na John Steinbeck. Afrika? Afrika bado anapelekwa na Hemingway. Watu walikaa mezani karne hii wakapima kila neno, wakafika hapo, wakaona pako sawa.

Mwaka 1964, ule ule ambao mbilikimo walifungiwa kwenye masanduku ya Wonka, Heinemann walichapa Weep Not, Child cha Ngũgĩ wa Thiong'o, London hapo hapo. Matilda alipotoka 1988 kitabu hicho kilikuwa na miaka 24. Bi Phelps angenyoosha mkono tu.